Mwenye Kisukari Apunguze Uzito, Nyumba Nzima Imsaidie



Siku hizi hapa kwetu Musoma, Bunda na Butiama si jambo geni kusikia kwamba mtu fulani "ana sukari". Zamani tulidhani huu ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini, wenye magari na ofisi. Leo wanaokwenda kliniki na kadi zao ni wakulima, wavuvi, walimu, mama lishe na wenye maduka.

Wengi wao huambiwa maneno matatu: "Punguza uzito. Punguza wanga. Fanya mazoezi." Halafu wanarudi nyumbani. Nyumbani wanakuta sufuria ile ile, sinia lile lile na chai ile ile. Mwezi wa kwanza wanajitahidi. Mwezi wa tatu wamechoka. Mwisho wa mwaka uzito umerudi, na sukari imerudi nao.

Makala hii inaeleza maana ya maneno hayo matatu, na jinsi ya kuyafuata kwa miaka mingi. Neno kubwa tunalotaka ulishike ni hili: mgonjwa anayebadilika peke yake huchoka mapema. Nyumba ikibadilika, naye hudumu.

ZAMANI NA SASA

Katika miaka ya 1980 wataalamu walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Matokeo yalitolewa mwaka 1989. Katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, hakupatikana hata mtu mmoja kamili mwenye kisukari.

Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi mwingine Tanzania Bara, mijini na vijijini, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Safari hii, katika kila watu 100, karibu 9 walikutwa na sukari nyingi kwenye damu. Watu 26 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Ni kweli waliopimwa safari hizo mbili hawakuwa wa umri mmoja wala wa mahali pamoja. Kwa hiyo tusiziweke hesabu hizi kwenye mizani kama mafungu mawili ya dagaa. Lakini hata hivyo tunaona njia tunayoielekea.

Kitu gani kimebadilika? Hebu tazama mwenyewe. Mtu aliyekuwa akitembea saa nzima kwenda sokoni sasa anapanda bodaboda. Mtu aliyekuwa akitwanga sasa anapeleka nafaka mashineni. Soda iliyokuwa ya sikukuu sasa inauzwa mpaka kwenye kibanda cha kijijini. Mafuta ya kupikia yanapimwa kidogo kidogo kila duka, na chakula kingi sasa hukaangwa. Hatusemi kwamba mambo haya ni mabaya. Bodaboda imewafikisha mama wajawazito hospitali usiku. Tunasema tu kwamba kazi ya mwili imepungua na chakula kimeongezeka. Kinachobaki hugeuka kuwa mafuta mwilini.

Wapo waliosema ati muhogo ndio unaoleta kisukari. Jambo hilo lilichunguzwa hapa hapa mkoani Mara, katika kijiji ambacho watu wake walikula muhogo kwa wingi. Matokeo yalitolewa mwaka 1992. Ilionekana kwamba muhogo si chanzo cha ugonjwa huu. Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri una madhara yake mengine, lakini kisukari usiusingizie.

UNENE NA SUKARI VINAKUTANA WAPI?

Kisukari kiko cha aina zaidi ya moja. Hapa tunazungumzia aina ya pili, ambayo huwapata zaidi watu wazima.

Tuchukue mfano wa ghala la pamba. Msimu ukifika, magari yanaleta pamba. Mtunza ghala anafungua mlango, pamba inaingia, barabara inabaki wazi. Katika mwili, pamba ni sukari inayotokana na chakula. Barabara ni damu. Mtunza ghala ni kitu kinachoitwa insulini, kinachotengenezwa na kongosho. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari iingie kwenye misuli na ini.

Sasa, kama ghala limejaa mpaka mlangoni, mtunza ghala atafanya nini? Atasukuma, ataita wenzake, lakini pamba haiingii. Magari yanapanga foleni barabarani. Ndivyo ilivyo kwa mtu mwenye mafuta mengi kwenye ini na tumboni. Insulini inafanya kazi kwa shida. Kongosho linalazimika kutengeneza nyingi zaidi, na mwishowe linachoka. Sukari inajaa kwenye damu.

Sukari ikikaa nyingi kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa midogo na mikubwa. Ndiyo sababu mgonjwa hupoteza nguvu ya macho, figo hushindwa kuchuja, moyo hupata shida, na miguu hufa ganzi. Mtu anachomwa na mwiba asijue. Kidonda kinaoza, na mguu unakatwa. Haya si maneno ya kutishana. Ndiyo mambo tunayotaka kuyazuia.

Mtu akipunguza uzito, mafuta ya kwenye ini ni miongoni mwa yale yanayotangulia kuondoka. Ghala linapata nafasi, na insulini inaanza kufanya kazi vizuri zaidi.

Lakini sikiliza jambo hili kwa makini. Wako wenye kisukari cha aina ya pili ambao ni wembamba. Hao wasipunguzwe uzito. Tena, mtu akianza kukonda bila kujitahidi, huku ana kiu nyingi na anakojoa mara kwa mara, hiyo si dalili ya nafuu. Ni dalili kwamba sukari imepanda sana na mwili unajila wenyewe. Aende kupimwa siku hiyo hiyo.

PIMA KWA KAMBA

Si kila nyumba ina mizani, lakini kila nyumba ina kamba. Fanya hivi:

1. Simama wima bila viatu. Mtu akupime urefu kwa kamba, toka kisigino mpaka utosini. Kata kamba hapo.

2. Kunja kamba hiyo katikati. Sasa una nusu ya urefu wako.

3. Zungusha hiyo nusu kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani.

Ikiwa ncha za kamba zinakutana, kiuno chako hakijazidi. Ikiwa hazikutani, tumbo limebeba mafuta kupita kiasi. Mtu mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno chake kinatakiwa kiwe chini ya sentimita 80. Kipimo hiki hakimhusu mama mjamzito.

Itunze kamba hiyo. Ipime tena kila mwezi, na weka alama pale inapofika. Ukifika zahanati, omba upimwe uzito, uandike kilo na tarehe kwenye daftari. Wewe umejifunza kusoma na kuhesabu, basi daftari hilo liwe lako mwenyewe.

KILO NGAPI ZINATOSHA?

Watu wengi wanadhani ni lazima mtu arudi kuwa mwembamba kama alivyokuwa kijana. Sivyo. Tufanye hesabu ya mtu mwenye kilo 90.

Asilimia 5 ya 90 ni kilo 4 na nusu. Akipungua hizo tu, sukari yake huanza kushuka, na shinikizo la damu mara nyingi hushuka pia.

Asilimia 10 ni kilo 9. Hapo nafuu ni kubwa zaidi, na daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa.

Huko Uingereza, watu karibu 300 waliokuwa na ugonjwa huu kwa muda usiozidi miaka sita waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilisaidiwa kupungua sana, chini ya uangalizi. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, katika kila watu 100 wa kundi hilo, 46 walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Kwa wale waliopungua kilo 15 au zaidi, hesabu ilikuwa 86 katika kila 100. Watu hao walikuwa wakinywa vyakula maalumu vya unga kwa miezi kadhaa, wakifuatiliwa na wahudumu. Usijaribu kujinyima hivyo nyumbani kwako bila daktari.

Lakini habari hiyo haikuishia hapo. Wengi walirudisha uzito kadiri miaka ilivyopita, na sukari yao nayo ikarudi. Baada ya miaka mitano, waliokuwa bado na sukari ya kawaida bila dawa walikuwa wachache. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nimepona, sasa nile nitakavyo." Ugonjwa huu hulala, na uzito ukirudi huamka.

KWA NINI UZITO HURUDI?

Uzito hurudi hata kwa mtu asiyekuwa mvivu wala mlafi. Mwili umeumbwa kuogopa njaa. Mababu zetu walipita misimu ya ukame, na mwili ulijifunza kuweka akiba. Ukipungua, mwili hudhani njaa imeingia. Unaongeza hamu ya kula. Unapunguza pia matumizi yake, kama mama anayebana unga kabla ya mavuno. Hali hii hukaa muda mrefu, na mtu hushindana nayo kila siku.

Ndiyo maana dawa ya "siku saba tumbo liishe" haifai. Siku ya nane mwili unadai deni lake.

Marekani walifuatilia watu 5,145 wenye kisukari cha aina ya pili, kuanzia mwaka 2001. Nusu yao walifundishwa kwa bidii kula na kufanya mazoezi, wakikutana mara kwa mara. Baada ya miaka 8, karibu nusu ya waliofundishwa hivyo walikuwa bado wamepungua asilimia 5 au zaidi. Kumbe inawezekana! Walioweza kushika uzito wao walikuwa na mambo matatu: walitembea zaidi, walikula kwa kiasi, na walijipima mara nyingi. Mambo hayo matatu hayahitaji dola.

CHAKULA: NI KILE KILE, KIPIMO TOFAUTI

Mwenye kisukari hahitaji chakula cha peke yake. Vyakula vya Mara vinamtosha. Kinachotakiwa ni kujua kiasi.

Sinia na sahani. Kwetu ni heshima kula pamoja kwenye sinia moja. Lakini mtu anayemega tonge kutoka mlima mmoja na wenzake hawezi kujua amekula kiasi gani. Basi mwenye kisukari apakuliwe kwenye sahani yake, ila akae pale pale na wenzake. Asitengwe. Sahani igawanywe hivi: nusu iwe mboga za majani kama mchicha, mgagani, mlenda, kisamvu au majani ya kunde. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, kunde au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, viazi au ndizi. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake unatosha kuanzia.

Mlaji wa ugali mkubwa atalalamika njaa wiki za mwanzo. Aongeze mboga na maharage, asiongeze tonge.

Dona, mtama, ulezi na udaga. Wako wanaosema, "Mimi nakula ugali wa mtama, hauna sukari." Hapana. Kila unga una wanga, na kila wanga hugeuka sukari tumboni. Dona, mtama na ulezi ni bora kuliko sembe kwa sababu vina makapi, na sukari yake huingia kwenye damu polepole. Ugali wa udaga una makapi machache, kwa hiyo uwe mdogo zaidi. Lakini ukila mlima wa ugali wa mtama, umekula mlima. Uji nao ni chakula, hata kama unanywewa.

Chai. Hapa ndipo kilo nyingi hujificha. Tuseme mama mmoja anakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vidogo vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 9. Kijiko kimoja kisichojaa sana kina gramu 4.

9 × 4 = gramu 36 kwa siku.
36 × 30 = gramu 1,080 kwa mwezi.

Yaani zaidi ya kilo moja ya sukari kila mwezi, kwa mtu mmoja, kwa chai tu! Zidisha kwa miezi 12 uone. Zidisha tena kwa bei ya sukari dukani kwenu, uone na hela ilikokwenda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 nayo ina sukari ya vijiko karibu 9. Mwenye kisukari apunguze kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Asali na juisi navyo ni sukari.

Mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Samaki tunao, tumshukuru Mungu kwa ziwa letu. Sato wa kuchemsha au wa kuchoma ni chakula kizuri sana kwa mwenye kisukari. Sato huyo huyo akizamishwa kwenye mafuta anakuwa mzigo mwingine. Ukipika mboga, pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Maandazi na chapati viwe vya mara moja moja.

Matunda. Ale tunda zima, moja kwa wakati mmoja. Msimu wa maembe ndio wa kuwa macho, maana mtu hukaa chini ya mti akala matano bila kujua.

Pombe. Pombe inanenepesha. Tena kwa mtu anayetumia insulini au vidonge fulani, pombe juu ya tumbo tupu inaweza kushusha sukari ghafla usiku, na watu wakadhani amelewa tu. Ni hatari. Aliyekuwa hanywi asianze, na anayekunywa aongee na daktari wake.

MWENDO WA KILA SIKU

"Mimi ni mkulima, mazoezi ya nini tena?" Swali hili ni la haki. Jembe ni mazoezi, tena makubwa. Kuvuta nyavu ni mazoezi. Kubeba ndoo ya maji ni mazoezi. Lakini jiulize: ulishika jembe siku ngapi mwaka huu? Wengi wetu hulima kwa nguvu wakati wa mvua za vuli na masika, halafu kiangazi tunakaa. Na mwenye duka pale stendi ya Bunda hukaa kwenye kiti mwaka mzima. Mwili unahesabu kila wiki, hauhesabu msimu.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki. Gawa kwa siku tano, unapata dakika 30 kwa siku. Mwendo uwe wa haraka kidogo, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kama dakika 30 ni nyingi, anza na 10 mara tatu. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula kuna faida ya pekee, kwa sababu misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ni dhaifu. Mara mbili kwa wiki fanya pia kazi ya nguvu: kupasua kuni, kupampu maji kisimani, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi kumi.

Lakini usidanganyike. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo. Mwendo wa nusu saa huenda usiunguze hata sukari ya soda moja. Chakula ndicho kinachoteremsha kilo. Mazoezi ndiyo yanayozizuia zisipande tena, na yanasaidia moyo na sukari hata siku ambazo mizani haisogei.

TAHADHARI

1. Usiache dawa kwa sababu umepungua. Daktari ndiye atakayepunguza. Na usibadilishe dawa za hospitali kwa mizizi uliyouziwa sokoni.

2. Kama unatumia insulini, au vidonge vya aina ya glibenklamaidi, mwambie daktari kabla ya kupunguza chakula au kuanza mazoezi makali. Dawa ile ile kwa chakula kidogo inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa. Mpeni upesi vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha ale. Kama amezimia msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

3. Usitembee pekupeku, hata shambani. Vaa viatu visivyobana. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, mtoto akutazamie. Kidonda kidogo kipelekwe zahanati mapema.

4. Mwenye maumivu ya kifua au anayehema sana akitembea asiendelee. Aende kupimwa kwanza.

5. Anayetaka kufunga, kwa Ramadhani au kwa Kwaresima, azungumze na daktari mapema.

MANENO YA WATU

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye sufuria. Kwetu kitambi kimehesabiwa kuwa cheo. Mke akinenepa, watu humsifu mume kwamba anatunza. Mtu akipungua, majirani huanza kunong'ona: "Ana UKIMWI huyo." Au, "Biashara imekufa." Wako walioanza vizuri wakaacha kwa ajili ya maneno haya tu. Walichagua kuheshimiwa na unene, wakapoteza mguu.

Ndugu zangu, tukimwona mwenzetu amepungua, tusimhukumu. Tumuulize kwa upole, na akisema anatunza afya yake tumpongeze. Na tukimtembelea mwenye kisukari tusimpelekee kreti ya soda. Tumpelekee mboga au samaki.

NYUMBA NZIMA, SUFURIA MOJA

Sasa tunarudi kwenye neno letu kubwa. Tuseme baba mmoja wa Butiama ana kisukari. Mama anampikia sufuria yake ndogo isiyo na mafuta. Watoto wanakula chapati. Baba anatazama. Atavumilia siku ngapi? Na je, kama mgonjwa ni mama mwenyewe, anayeonja kila chungu na kumalizia ukoko wa watoto ili usitupwe, nani atampikia yeye?

Mgonjwa asipikiwe sufuria ya adhabu. Nyumba nzima ile mboga nyingi, mafuta ya kupima, na chai yenye sukari kidogo. Mtoto anayekua, mama mjamzito na anayenyonyesha waongezewe ugali, maziwa na maharage kwenye sahani zao. Chakula ni kimoja, kinachotofautiana ni kipimo.

Faida haimwendei mgonjwa peke yake. Kisukari cha aina ya pili hutembea katika ukoo. Watoto na ndugu wa mgonjwa wako karibu na hatari. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002, uliwahusu watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajaugua. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo, hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, hatari ilipungua kwa asilimia 31. Yaani sufuria na miguu vilishinda kidonge! Mama anayebadili mapishi kwa ajili ya mumewe anawalinda na wanawe.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hakuna aliyeambiwa achimbe choo cha kijiji peke yake. Magonjwa yaliyopigwa vita mwaka 1973 yalikuwa hasa ya kuambukiza. Kisukari hakiambukizi. Lakini mazoea yanaambukiza, mabaya na mazuri. Kikundi cha watu watano wanaotembea pamoja jioni, wakapimana kwa kamba kila mwisho wa mwezi na kuandika daftarini, kitadumu kuliko mtu mmoja mwenye bidii.

Na siku ukianguka? Msiba umetokea, umekula wali wa siku tatu, kamba imerudi nyuma. Usitupe daftari. Andika ulipofika, kesho yake rudi kwenye sahani yako. Safari hii ni ya maisha, na wiki moja mbaya haiwezi kuifuta miezi mizuri. Inayofuta ni kukata tamaa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwenu mnatumia kilo ngapi za sukari kwa mwezi? Gawanyeni kwa idadi ya watu. Kila mmoja anapata gramu ngapi kwa siku?

2. Mtu ana kilo 84. Asilimia 5 ya uzito wake ni kilo ngapi?

3. Kwa nini haitoshi kusema "nakula ugali wa mtama tu"?

4. Nani hupika nyumbani kwenu? Je, amewahi kwenda kliniki pamoja na mgonjwa kusikiliza maelezo? Kama hajawahi, kwa nini?

5. Pimaneni kwa kamba. Ni wangapi ambao ncha hazikukutana? Kikundi chenu kitafanya nini kuanzia wiki hii?